Nipe mji: chemsha bongo ya Lokori na kicheko kilichonitoka



Tangu utotoni nimejihesabu mtu wa kujua mambo. Barazani kwetu pakizuka ubishi juu ya mji mkuu wa nchi fulani au mwaka wa vita fulani, watu hunigeukia mimi. Diploma yangu haihusiani na mambo hayo hata kidogo, lakini redio nimeisikiliza, na magazeti nimeyasoma mpaka yale yaliyofungiwa mahamri. Kwa hivyo nilipokwenda Lokori kumzuru mpwa wangu anayefundisha huko, nikaambiwa kwamba jioni watu hukusanyika mbele ya duka moja wakaulizana maswali ya maarifa, nilijisemea moyoni: leo nitawapa somo hawa.

Lokori, kwa asiyepajua, ni mji mdogo wa Turkana Mashariki, kando ya mto Kerio. Ukitoka Mombasa unaikata nchi nzima. Unapanda mpaka Kitale, unateremka kwa njia ya Kapenguria kama mtu aendaye Lodwar, kisha ukifika Lokichar unaiacha barabara kuu na kukata kuelekea kusini-mashariki, kwenye vumbi na miiba. Joto lake si geni kwetu watu wa pwani. Kitu kisichokuweko ni upepo wa bahari.

Mbele ya duka lile, baada ya magharibi, palikuwa na walimu wawili wa kutoka bara, muuguzi mmoja, dereva wa lori Msomali, mwenye duka, vijana wa bodaboda, na mzee mmoja wa Kiturkana mwenye kigoda chake cha mbao, ambaye nilimdhania kaja kupunga upepo tu. Kiswahili ndicho kilichotukutanisha, kila mtu na lafudhi yake. Masharti ya mchezo ni machache. Simu zote zinawekwa juu ya gunia la sukari, kioo kikiangalia chini. Mwenye zamu anauliza swali moja, na lazima jibu alijue yeye mwenyewe. Atakayejibu anapata alama na zamu. Wote wakishindwa, alama ni ya muulizaji. Ubishi ukizidi, simu moja inainuliwa, mtandao ukiwa umeamka, na hukumu inatolewa.

Nikauliza kuhusu zawadi, maana sisi tumekuzwa na tahadhari hiyo. Shekhe wangu alinifunza kwamba kila mshindani akitoa fedha, kisha mshindi akazibeba zote, hiyo ni kamari hata ikivishwa kanzu. Lakini zawadi ikitoka kwa mtu asiyeshindana, hapo ni hiba. Lokori mwenye duka ndiye anayetoa soda moja kwa mshindi wa usiku, naye hajibu swali lolote. Sijui kama alilipanga hivyo kwa fiqhi au kwa biashara, maana wale wengine wote hununua soda zao papo hapo.

Usiku wa kwanza nilianza kwa kishindo. Nikauliza: mji mkuu wa Australia ni upi? Kijana mmoja, mkono wa kulia wa mwenye duka, wa umri wa miaka kumi na saba hivi, aliruka: "Sydney!" Nikacheka. Kilikuwa kicheko cha barazani, kile ambacho Mombasa ukikosea hata kakako wa toka nitoke anakuangushia na mnaendelea na kahawa. Wengine nao wakacheka kwa kunifuata. Nikatangaza jibu: Canberra. Nikapewa alama yangu. Yule kijana akaondoka kupanga mitungi ya maji, na kwa usiku ule na uliofuata hakufungua kinywa tena.

Hapa niseme jambo nililolijua baadaye, nilipolisoma. Canberra haikuwa mji hata kidogo ilipochaguliwa. Sydney na Melbourne zilikuwa zikigombania kuwa makao ya serikali, ikaonekana kheri kutafutwa mahali pengine. Eneo likachaguliwa mwaka 1908, na ujenzi ukazinduliwa mwaka 1913. Kwa hivyo aliyejibu Sydney hakuwa mpumbavu. Alikuwa akifikiri kama mtu mwenye akili anavyofikiri, kwamba mji mkubwa ndio mkuu. Mimi nililijua jibu bila kujua sababu yake. Nilikuwa nimelikariri kama kasuku wa Zanzibar, kisha nikamcheka mtu aliyefikiri.

Sisi watu wa pwani tulikuwa na adabu ya mchezo huu zamani, ila tumeisahau. Bibi zetu wakisema "Kitendawili!", sisi tukijibu "Tega!" Wakatega ile ya nyumba isiyo na mlango au nyingine ngumu zaidi. Tukishindwa, hawakucheka. Walisema: "Nipe mji." Tukawapa mji, tuseme Lamu. Bibi akaukataa, hautaki, mdogo. Tukampa Unguja, akaukubali. Ndipo akaanza safari yake ya maneno: nilikwenda Unguja, nikapokewa vizuri, nikalishwa nikashiba, watu wa huko wakanisalimia niwasalimie, kisha akafumbua. Angalia hekima iliyomo humo. Aliyeshindwa hakuachwa mikono mitupu. Alikuwa na mji wa kutoa, na aliyetoa mji hawezi kuwa mnyonge. Hata washairi wetu walipotupiana mafumbo, kama Muyaka bin Haji wa Mombasa na washairi wa Lamu zama za vita vya Shela, mwanzoni mwa karne ya 19, fumbo lilimtaka mtu ajibu. Halikutupwa ili anyamaze.

Wazungu nao wana habari yao. Mwaka 1951 bwana mmoja Mwingereza, Hugh Beaver, alikuwa kwenye mawindo huko Ireland, ukazuka ubishi: ndege gani wa kuwindwa aendaye mbio kushinda wote wa Ulaya? Hakukuwa na kitabu cha kuamua. Bwana yule alikuwa mkuu wa kampuni ya Guinness, ya pombe, Mungu atuepushe nayo, na akaona kwamba ubishi wa namna ile lazima unatokea kila usiku penye watu walioketi pamoja. Mwaka 1955 kikatoka kitabu cha rekodi za dunia ambacho mpaka leo kinachapishwa. Yaani kazi yote ile ilizaliwa na watu walioshindwa kukubaliana juu ya ndege. Siku hizi hakuna haja ya kitabu, kila mtu ana mwamuzi mfukoni. Lakini Lokori nilijifunza kwamba mwamuzi wa mfukoni naye hukosea.

Ilikuwa usiku wa pili. Mwalimu mmoja aliuliza: Namoratunga ni nini? Muuguzi akajibu upesi: ni kalenda ya mawe, iliyojengwa yapata mwaka 300 kabla ya Nabii Isa. Mwalimu akasema sawa, chukua alama. Ndipo yule mzee niliyemdhania kaja kupunga upepo akauliza kwa sauti ya chini: "Namoratunga ipi?"

Kukawa kimya. Simu ikainuliwa, ikasema yale yale ya kalenda. Mzee akatikisa kichwa. Akatueleza, na mimi baadaye nimesoma kuhakikisha, kwamba jina hilo, linalofasiriwa kuwa ni watu wa mawe, lina mahali pawili. Pamoja ni hapo hapo Lokori. Ni makaburi ya kale yaliyozungushiwa mawe bapa yaliyosimamishwa, na mengine yana michoro inayofanana na chapa ambazo wafugaji huwapiga wanyama wao. Wataalamu Lynch na Robbins walipoichunguza michoro hiyo miaka ya 1970, waliilinganisha na chapa zinazotumiwa na Waturkana wa leo. Pahali pa pili ni mbali, karibu na Kalokol, upande wa ziwani, penye nguzo 19 za mawe meusi. Hiyo ndiyo iliyoitwa kalenda, pale wataalamu hao hao walipoandika mwaka 1978 kwamba nguzo zimeelekezwa kwenye nyota fulani. Haikupita miaka mingi, mwaka 1982, mtafiti mwingine akaleta pingamizi: mawe yenyewe yana sumaku inayoivuruga dira, kwa hivyo vipimo havikuwa vya kuaminika. Halafu uchimbaji wa karibuni kwenye nguzo nyingine za magharibi mwa ziwa, Lothagam, uliotangazwa mwaka 2018, umeonyesha kwamba pale palikuwa maziara ya wafugaji wa miaka kama 5,000 iliyopita, wakizikwa pamoja mamia kwa mamia, wasiopungua 580.

Kwa hivyo muuguzi alipata alama kwa jibu la pahali pengine, lenye ubishi, na pahali penyewe pako karibu na alipoketi. Mwalimu wa watu akaona haya. Lakini mzee hakumcheka. Alisema tu kwamba mawe ya Kalokol yana hadithi yake pia: yalikuwa watu waliokuwa wakicheza ngoma, wakacheka wasipopaswa kucheka, wakageuka mawe. Kisha akanyamaza, akanitazama mimi. Wallahi, labda ni dhana yangu tu. Lakini alinitazama.

Tangu hapo nilianza kuyasikiliza maswali kwa sikio jingine. Mwalimu wa pili aliuliza: nani aliyegundua Ziwa Turkana? Jibu la shuleni ni Count Teleki, mwaka 1888. Dereva akauliza kama ziwa lilikuwa limepotea. Hapo nikapata pa kuingilia, maana habari hii inatuhusu sisi. Teleki, mwenyeji wa Hungary, na mwenzake Ludwig von Höhnel hawakufika ziwani peke yao. Msafara wao ulianza safari kutoka Pangani mwaka 1887, na wapagazi wengi walikuwa watu wa Unguja na mwambao. Miongoni mwa waliowaongoza alikuwamo Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe wa Pangani, aliyezijua njia za Umasaini tangu kabla yao. Machi 1888 wakayaona maji, na ziwa likabandikwa jina la Rudolf, mwana wa mfalme wa Austria, ambaye hakuwahi kulitia machoni. Jina la Turkana lilikuja rasmi mwaka 1975. Na wenyeji walikuwapo wakivua na kunywesha mifugo wakati wote huo.

Watu walikubali swali libadilishwe. Likawa: ni Wazungu gani waliolifikia ziwa wakalipa jina la Rudolf? Kwa maneno hayo, jibu la Teleki na von Höhnel ni sahihi na halimdhulumu mtu. Kwa neno "aligundua" linakuwa uongo, ingawa majina ni yale yale. Ukitaka kuwatungia wenzako maswali, msomaji wangu, anza hapo. Usiliangalie jibu peke yake, angalia swali limemweka nani nje.

Kuhusu Kenyatta sitakawia, maana hapo Kenya nzima hukosea. Watu husema alifungwa Lodwar. Gereza lake lilikuwa Lokitaung, kaskazini zaidi, mpaka mwaka 1959. Lodwar alipelekwa baada ya kumaliza kifungo, akazuiliwa hapo asitoke mpaka mwaka 1961, kisha Maralal.

Lililonichoma mimi kama mtu wa Mombasa ni la mafuta. Kijana wa bodaboda aliuliza: kisima cha kwanza kilichopata mafuta Kenya kiko wapi? Nikajibu Lokichar, kwa fahari kabisa, maana mafuta yale yalikuja kwetu. Nani Changamwe asiyeikumbuka misururu ya malori yaliyobeba matangi kutoka Turkana kuanzia mwaka 2018, na shehena ya kwanza iliyoondoka bandarini kwetu Agosti 2019, Rais Uhuru Kenyatta akiiaga? Kijana akatikisa kichwa. Kisima cha Ngamia 1, kilichotangazwa Machi 2012, kiko Turkana Mashariki, upande wa Nakukulas. Lokichar ni jina la bonde, na ndilo lililoingia magazetini. "Nyinyi mliyapokea mafuta," akaniambia, "lakini hamjui yametoka kwa nani." Alisema kwa utani, na watu wakacheka, lakini halikuwa la utani. Kwa watu wa huko, jina linalotajwa ndilo linalofuatwa na barabara, maji na kazi. Nikamuunga mkono, kwa sababu sisi wa pwani tunaijua dhiki hiyo: bandari iko kwetu, lakini habari zake tunazisikia kutoka kwingine.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilikuwa nikimfikiria yule kijana wa mitungi. Mara mbili nilimwona akikaribia kusema kitu, kisha akajirudi. Ikanijia hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim, ambayo tuliisoma chuoni tukaipita kama tulivyoyapita mengi. Mtume (s.a.w.) aliwauliza maswahaba kuhusu mti usiopukutisha majani, ambao mfano wake ni kama Muislamu. Watu wakafikiria miti ya jangwani. Ibn Umar, kijana mdogo kuliko wote mkutanoni, lilimjia moyoni kwamba ni mtende, lakini akawaona wakubwa wamenyamaza, akaona haya, naye akanyamaza. Baadaye alipomweleza babake, Umar alimwambia angependa zaidi lau angelisema. Tazama, hata katika majilisi yale bora kuliko yote, mwenye jibu alikuwa mdogo aliyekaa kimya. Na hakuna aliyekuwa amemcheka. Huyu wa Lokori nilikuwa nimemcheka mimi.

Asubuhi nilimfuata dukani nikamwomba radhi. Akaangalia chini, akasema, "Hakuna neno, mzee," akaendelea kufuta vumbi kwenye mikebe ya majani. Niliona kwamba maneno hayatoshi. Usiku ilipofika zamu yangu nikasema: zamu hii nampa huyu, aulize yeye. Akakataa. Mzee wa kigoda akamwambia maneno mawili matatu kwa Kiturkana. Kijana akasimama, akasema:

"Kuna mti mmoja. Mama yangu anaulalia, anaubeba, na anaula. Ni mti gani?"

Walimu wakataja mkwaju. Kwa nini mkwaju, hata wao hawakujua. Dereva akasema mgunga. Muuguzi akasema mwarobaini. Mimi nikafikiri, nikafikiri, nikataja mnazi, mtu wa pwani atataja nini tena? Watu wakatabasamu, mnazi Lokori! Tukashindwa wote. Mzee peke yake alikuwa akichekelea ndevuni, lakini hakujibu.

Nikasema, "Basi, kwetu tukishindwa tunatoa mji." Ikabidi niwaeleze utaratibu, wakaupenda. Tukampa Lodwar, akaukataa. Tukampa Kakuma, akasema una watu wengi mno, atawalisha nini. Dereva akampa Nairobi, akakunja uso. Akanigeukia mimi: "Nipe Mombasa." Nikaona uzito, wallahi, kama kweli nauza kiambo cha wazee wangu. Nikampa.

Akaanza, polepole, bila hata kufundishwa: nimefika Mombasa, nimeona maji mengi ambayo hayanyweki, watu wamenikaribisha, wamenitandikia nikae. Nikaangalia nilichotandikiwa. Nikasema, huu ni mti wetu. Mkoma.

Nikajipiga kofi la paji. Mkoma! Umejaa kandokando ya Kerio, nimeupita kila siku nikienda mtoni na mpwa wangu. Wanawake wa Kiturkana husuka vikapu na mikeka kwa majani yake, na tunda lake huliwa. Na kwetu je? Miyaa inatoka wapi? Marehemu nyanya yangu alikaa uwanjani miaka na miaka akichana miyaa ya mkoma, akisuka mikeka na vikapu vilivyosomesha watoto wake, na sisi wajukuu tukiguguna makoma mpaka meno yakauma. Jibu nililozaliwa juu yake nilishindwa kulitoa, na la Canberra nikalitoa.

Kijana alipata alama yake, na mwenye duka akampa soda. Hakuinywa pale. Aliiweka kando ya gunia lenye simu zetu, akaketi kwenye duara, na safari hii hakuondoka kupanga mitungi.

Nimerudi nyumbani wiki ya tatu sasa. Mpwa wangu amenipigia jana kunieleza kwamba kijana ana maswali matatu ya kuniuliza, mawili yanahusu bahari, na kwamba Mombasa bado ni yake mpaka nitakapoyajibu. Moja nimelijibu.